Marando Chini ya Maua-yai

Nimeuza miche kwa miaka ishirini na sita kando ya barabara itokayo Linluo kwenda Neipu, na mteja ninayemwogopa ni yule anayekuja na karatasi mkononi. Wengine hunyoosha kidole tu, nipe kile chenye maua mekundu, wanafunga mzigo kwenye pikipiki na kwenda zao. Mwenye karatasi ameshapima na ameshafikiri, na mpaka jua liwe utosini atakuwa bado anauliza.

Mzee Fan Te-hsing alikuja na karatasi. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa tatu, na joto lilikwishaanza kupanda kutoka kwenye lami. Nilimfahamu kwa sura tu, kama tunavyofahamiana watu wa huku: mzee mrefu, mgongo umenyooka, mstaafu wa idara ya mifereji, ambako kazi yake ilikuwa kupima maji yanayoingia mashambani. Alitandaza karatasi juu ya meza yangu ya kupandikizia, akaibana pembe kwa vyungu viwili. Alikuwa amechora uwanja wa mbele wa nyumba yake, na miti mitano ameiwekea duara. Kuzunguka kila duara aliandika saa ambazo jua hupiga pale.

"Mzee Fan, hii ni bustani au unajenga bwawa?" nilimuuliza.

Hakucheka. "Dada Liu, nataka kitu cha kufunika ardhi. Hapa, hapa, mpaka hapa. Chini ya maua-yai."

Maua-yai ndivyo tunavyoiita ile miti kwetu, kwa sababu ua lake ni jeupe na katikati lina njano kama yai lililopasuliwa. Ni miti ya kutazama tu na kunusa. Inapenda jua kali, haipendi mizizi yake ikae majini, na wakati wa baridi huvua majani yote ikabaki matawi manene kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi.

"Ardhi iko uchi," aliendelea. "Ikifika saa sita huwezi kuikanyaga. Na mke wangu anatembea peku."

"Si umnunulie ndala?"

"Anazivua."

Alitaka ndevu za joka, yale majani membamba ya kijani cheusi, kwa sababu aliyaona kwenye picha ya hekalu moja la Japani. Nikamwambia hayo ni ya kivulini, na kivuli cha maua-yai ni cha kuombaomba, leo kipo kesho hakipo. Yataungua ncha kabla mwezi haujaisha. Akauliza nyasi za kawaida. Nikamwambia nyasi zitataka maji kila siku, na maji ya kila siku yataiozesha miti yake. Akauliza yale yanayotambaa kando ya mto, yenye maua ya njano.

"Hayo sikuuzii," nilimwambia. "Yakiingia kwako yataingia kwa jirani, na jirani atakuja kupiga kelele hapa kwangu."

Mwisho tukakubaliana karanga za mapambo. Ni ndugu wa karanga tunazokula, ila hizi hazizai chochote cha kutia mdomoni. Zinatambaa, zinatoa maua madogo ya njano, haziogopi jua, zikishashika hazidai maji mengi, na mtu akizikanyaga zinainuka tena. Aliandika yote hayo nyuma ya karatasi yake. Akanunua trei kumi na mbili, akaenda na kurudi mara tatu kwa pikipiki, akiendesha polepole kama aliyebeba mayai.

Siku kumi na nane baadaye alirudi. Alitaka trei nyingine kumi na mbili.

"Zimekufa?" Nilishangaa. Karanga zile hata ukizitupa kwenye changarawe zinaota.

"Hazijafa. Zimeng'olewa."

"Mbwa?"

Alitazama mikono yake. "Njoo uone, kama una nafasi."

Nilikwenda mchana ule ule. Nyumba yao iko mwisho wa njia ya mipopoo, miti mirefu kama minazi myembamba; ni nyumba ya ghorofa moja, safi, na ile miti mitano mbele ikiwa imeanza kutoa majani. Chini ya mti wa tatu alikuwa amechuchumaa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu. Alivaa kofia ya mianzi iliyofungwa kidevuni kwa kitambaa cha maua, mikono imevikwa soksi za mikono za kuzuia jua, na miguu iko peku. Huyo ndiye Kui-mei, mke wa Mzee Fan. Alikuwa anang'oa karanga zangu.

Sijawahi kuona mtu anang'oa vile. Vidole viwili vinaingia chini ya shina, kiganja kinazunguka kidogo, na mmea unatoka mzima na mizizi yake yote. Nyuma yake mafungu yalipangwa sawasawa, mizizi imegeuzwa juani ili ife. Ni kazi yangu, lakini mimi sing'oi vizuri hivyo.

"Usisimame tu," aliniambia bila kuinua kichwa, kwa Kihakka, lugha ya kwetu, tena cha zamani, cha akina bibi. "Shika mstari ule. Magugu yamezidi."

"Mama, haya si magugu."

"Yanazaa nini?"

"Hayazai kitu," nilisema.

"Basi." Akang'oa jingine. "Na wewe uchuchumae vizuri. Mikono mizito kama ya bibi harusi."

Mzee Fan alikuwa amesimama karibu na bomba la maji, mpira mkononi, maji yanamwagika kwenye viatu vyake na hana habari.

Tuliingia jikoni, akanimiminia chai. Akanieleza kwa mpangilio, kama mtu anayesoma ripoti. Ugonjwa wa kusahau una miaka mitatu. Kichina cha shule kimeshamtoka mkewe, amebaki na Kihakka. Asubuhi anamfahamu. Anamwita jina, anamuuliza kama amekula, siku nyingine anamkumbusha kukata kucha. Kuanzia saa nne anaanza kupotea, na akipotea anatoka nje kupalilia.

"Baba yake alikufa yeye ana miaka minane," alisema. "Tangu hapo alikuwa kibarua wa kung'oa magugu kwenye mashamba ya watu. Viazi, tumbaku, chochote. Miaka kumi na miwili. Mimi nilimwona mara ya kwanza nikiwa napima mfereji, yeye yuko ng'ambo, hainui kichwa." Alizungusha kikombe. "Siku aliponikubali alinipa sharti moja. Alisema, kwangu usipande kitu cha kula. Nimechoka na kitu cha kula. Nataka miti ya kutazama."

Ndiyo sababu ya ile miti mitano.

Nilimpa zile trei nyingine, na zikang'olewa. Kwa hiyo tukajaribu ndevu za joka, nikijua zitaungua, kwa matumaini kwamba mizizi yake migumu itamshinda. Hazikupata hata nafasi ya kuungua. Binti yao Hsiang-yun, anayefanya kazi kiwandani Hsinchu, kaskazini mwa kisiwa chetu, alikuwa anapiga simu kila Jumapili na baba yake anaiweka kwenye spika ili mikono yake ibaki na kazi. Nilikuwepo Jumapili moja.

"Baba, mwaga zege. Yaishe."

"Zege litaua miti."

"Miti na Mama, kipi muhimu?"

"Na miguu yake juu ya zege saa saba mchana?"

"Basi zulia la nyasi za plastiki. Nakutumia kipande."

Kipande kilifika kwa posta. Mzee Fan alikitandika chini ya mti wa kwanza saa sita kamili, akavua kiatu na soksi, akaweka wayo wake mwenyewe na kuanza kuhesabu. Alipofika tisa aliondoa mguu. Jioni alikuja kitaluni akichechemea, akanionyesha lengelenge kama mtu anayeonyesha stakabadhi.

Alijaribu kuzungushia kamba. Kui-mei alifungua mafundo yote, akaviringisha kamba na kuiweka mahali pake. Alijaribu kufunga mlango. Siku hiyo mkewe alikwaruza wavu wa mlango kuanzia saa nne mpaka alasiri, akisema kwa sauti ndogo kwamba amechelewa, amechelewa kazini, watamfukuza. Alipofunguliwa, kucha mbili zilikuwa zinatoka damu. Mzee Fan hakufunga mlango tena.

Mwezi wa tano joto lilikuwa halisemeki. Kui-mei alikuwa hana tena cha kung'oa, kwa hiyo aling'oa vijinyasi vidogo kama nywele, na vilipokwisha akawa anachimba udongo mtupu kwa vidole. Mzee alikuwa anamfuata na mwavuli.

Hapo ndipo nilipotoa wazo langu. Nalisema hapa kwa sababu lilikuwa langu, si la mtu mwingine.

"Mzee Fan," nilimwambia, "mkeo aliniuliza yanazaa nini. Mpandie kinachozaa. Tia marando ya viazi."

Alinitazama. "Alisema asione kitu cha kula."

"Alisema akiwa na miaka ishirini. Sasa hivi anachimba udongo mtupu." Nikaendelea kumsomea sifa, kama nilivyozoea kumsomea mteja yeyote. Marando ya viazi vitamu hayaogopi jua. Hayataki maji mengi, kwa hiyo miti haitaoza. Kwa wiki sita yamefunika ardhi yote, na chini ya majani udongo unakuwa wa baridi. Mtu akitembea peku ni raha. Kwa bustani ile hakukuwa na mmea bora zaidi, na mpaka leo, ukiniuliza kama mtu wa kitalu, jibu langu ni hilohilo.

Alifikiri siku nne. Halafu akaja kuchukua marando.

Tuliyapanda wawili, alfajiri, Kui-mei akiwa bado amelala. Alipotoka saa nne, nilikuwa nimesimama getini nikisubiri kuona. Alifika kwenye mstari wa kwanza, akachuchumaa, akanyoosha vidole viwili. Vidole vikasimama hewani. Akaligusa jani, akaligeuza, akatazama mgongo wake wa zambarau. Kisha akasukuma udongo kidogo kwenye shina moja ambalo hatukulishindilia vizuri, akasogea kwenye shina la pili.

"Nani kapanda hivi?" alisema. "Amelewa?"

Mzee Fan alifunika uso kwa taulo ya jasho. Nilidhani anacheka.

Mwezi wa sita na wa saba ilikuwa myema kwao. Marando yalitambaa mpaka kwenye ngazi. Kui-mei alipalilia magugu ya kweli, aliinua mashina na kuyageuza ili yasitie mizizi kila kifundo, alichuma majani machanga na kuyafunga mafungu kwa nyasi. Kila baada ya siku mbili Mzee Fan aliniletea matembele. Niliyala kwa tangawizi mpaka wafanyakazi wangu wakaniuliza kama nimejiunga na watawa wasiokula nyama. Miguu ya mkewe, iliyokuwa imeungua kwa ardhi ya moto, ilipona. Mzee Fan mwenyewe aliongezeka uzito kidogo.

"Umeniokoa, Dada Liu," aliniambia siku moja, na mimi nikapokea shukrani ile kama haki yangu.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane alikuja bila matembele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya vyungu na kuvua kofia.

"Anaogopa kula mezani," alisema.

"Nani?"

"Kui-mei. Anachukua bakuli lake anachuchumaa nalo kwenye kizingiti cha jikoni. Nikimwita aje mezani, anasema hapo panamtosha." Alifuta jasho. "Ananiita tajiri."

Sikuelewa haraka.

"Tajiri mwenye shamba. Anadhani mimi ndiye mwenye viazi. Jua likikaribia kuzama anakuja, anasimama mbali, anainamisha kichwa, anasema, tajiri, kazi ya leo imekwisha, naomba ruhusa niende nyumbani. Nikimwambia hapa ndipo nyumbani, anatetemeka."

"Na asubuhi? Si huwa anakufahamu asubuhi?"

"Anaamka na kutafuta kofia. Anasema jua limeshatoka, viazi vinamsubiri." Akageuza kofia yake mikononi. "Tangu marando yafunike uwanja, hajaniita jina hata mara moja. Nimehesabu siku. Thelathini na moja."

Alikuwa amehamia ghala la nyuma, Kui-mei. Alitandika mkeka kati ya mifuko ya mbolea na kuweka benchi nyuma ya mlango. Mzee Fan hakuwa na la kumlaumu. Msichana kibarua aliye peke yake kwenye nyumba ya mwanamume asiyemjua angefanya vilevile.

Aliniomba nikazungumze naye, mwanamke kwa mwanamke. Nilikwenda asubuhi. Nilichuchumaa mstari wa pili, nikageuza marando pamoja naye, naye alinisahihisha mara mbili jinsi ninavyoyashika.

"Kui-mei," nilisema, "huyu mzee unamjua?"

"Nisimjue tajiri?"

"Ni mume wako."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza, chini ya ukingo wa kofia, macho yake yakiwa makali na yenye aibu kwa pamoja. "Dada, usiniletee maneno ya namna hiyo. Mimi nina miaka kumi na minne." Kisha akashusha sauti. "Wamekutuma? Yeye hana mke?"

"Anaye."

"Mwambie mkewe aje basi. Namwona anakula peke yake."

Nilirudi jikoni. Mzee Fan alikuwa amesimama nyuma ya wavu wa mlango na alikuwa amesikia yote. Alinimiminia chai.

Wiki ile alikuja kitaluni tena, na karatasi mpya. Duara tano, saa za jua. Aliibana pembe kwa vyungu.

"Nichagulie kitu kingine," alisema.

Niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kulikuwa na trei za kila aina nyuma yangu, mamia, na kila moja naijua inavyokunywa na inavyolala. "Mzee Fan, nikikupa kitu kisichozaa, ataking'oa."

"Akiwa anang'oa, asubuhi ananifahamu."

"Na vidole vyake? Na kuchimba udongo mtupu?"

"Najua."

"Na ukiacha marando..."

"Najua, Dada Liu. Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe ndiye mtu wa mimea."

Nilimwambia aende, nitafikiri, na sikufikiri chochote, kwa sababu hapakuwa na cha kufikiri. Kesho yake aliamua mwenyewe.

Alinisimulia baadaye. Aliamka kabla ya mkewe, akaanza na mti wa tano, ulio mbali zaidi na ghala. Alikuwa amefika mti wa nne, marando yamelala rundo nyuma yake, aliposikia pumzi. Kui-mei alikuwa amepiga magoti njiani.

"Tajiri, nimekosa nini?"

Akamwambia hajakosa.

"Kama niligeuza vibaya nitageuza tena. Usinifukuze. Mama mgonjwa, wadogo zangu wawili. Nitafanya na siku za mvua." Alikuwa anakusanya mashina yale yaliyong'olewa na kuyakumbatia kifuani, udongo unamwagika kwenye nguo. "Usinifukuze, tajiri."

Mzee Fan alichukua jembe dogo na kuyarudishia yote. Yeye ambaye alikuwa hajui hata kuyashika vizuri alipanda peke yake mpaka saa tano, jua limekaa shingoni, na mkewe nyuma yake akinyoosha kila shina alilopinda.

Kuanzia siku hiyo akakubali kuwa tajiri. Jioni mkewe alipokuja kuomba ruhusa, alimwambia, "Haya, nenda. Kesho uje mapema." Kui-mei aliinamisha kichwa, akazunguka nyumba kwa nje, akaingia kwa mlango wa nyuma na kulala kwenye ghala lake. Mzee alimwekea godoro huko, na feni. Mfuko wa wali wenye figili ya chumvi aliuning'iniza mlangoni, kwa sababu kibarua hakatai chakula cha kwenda nacho. Nilipowaona hivyo nilijiambia kwamba wamepata namna ya kuishi. Mtu hujiambia mengi.

Mwisho wa mwezi ule nilipita pale saa nane mchana, nina trei za mteja wa jirani nyuma ya gari. Kui-mei alikuwa chini ya mti wa pili, anapalilia, mstari wake umenyooka. Hatua tatu kutoka kwake Mzee Fan alikuwa amelala kifudifudi ndani ya marando, mwavuli umeanguka pembeni, kichwa kiko juani.

Nilikimbia. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu. Nilimvuta kivulini, nikapiga simu, nikammwagia maji ya bomba, na wakati wote huo Kui-mei alikuwa amesimama mbali akishika kofia kwa mikono miwili.

"Ameanguka lini?" nilimuuliza.

"Kabla jua halijavuka mti."

Ilikuwa zaidi ya saa nzima. "Kwa nini hukuita mtu?"

Alianza kulia kama mtoto anayejitetea. "Tajiri akilala, sisi tutamwamshaje? Nilimfunika miguu kwa majani. Nilipalilia kimyakimya."

Kweli, miguu yake ilikuwa imefunikwa kwa majani ya viazi, yamepangwa moja moja.

Mzee Fan hakufa. Alikaa hospitali siku kumi na moja, na figo zake hazikurudi kama zamani. Mimi nililala kwao siku hizo, nikiwa, kwa maelezo yangu kwa Kui-mei, mpishi mpya wa tajiri. Hsiang-yun alishuka kutoka Hsinchu na macho mekundu. Alinishukuru, akaniita Shangazi, akaniuliza ni nani aliyeshauri viazi.

"Ni mimi," nilisema.

Alitikisa kichwa, hakuwa na nguvu ya kugomba. Alikuwa ameshapata nafasi ya mama yake kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake. Daktari alimwambia baba yake mbele yangu kwamba hawezi tena kusimama juani wala kumwangalia mtu. Mzee Fan alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza maelezo yangu ya mimea, mpaka mwisho, bila kukatiza. Kisha akauliza kama huko Hsinchu kuna uwanja. Binti akasema lipo baraza ghorofa ya nne, na vyungu vya maua.

Walikuja kumchukua Kui-mei siku ya Jumamosi, saa mbili asubuhi, kabla joto halijakaza. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, blanketi magotini japo mwezi wa tisa huku bado ni wa joto. Kui-mei alikuwa ameshaanza kazi. Hsiang-yun alimwendea, akamshika mkono, akamwita Mama. Kui-mei akauvuta mkono wake na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye mti. Binti akajaribu kumbembeleza, akamwambia wanakwenda kutembea, wanakwenda kula. Kui-mei alikuwa anatazama tu huku na huku ndani ya marando, kama anayetafuta njia ya kukimbilia. Dereva akapendekeza wamshike wawili.

"Msimguse," alisema Mzee Fan.

Alijaribu kusimama, akashindwa, nikamsaidia. Alinyoosha mgongo wake. Nilimsikia akivuta pumzi, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu mwenye shamba.

"Wewe. Kibarua."

Kui-mei akasogea mbele, akainamisha kichwa.

"Hapa kazi imekwisha. Viazi hivi havihitaji mtu mpaka mavuno. Panda hiyo gari. Wanakupeleka kwenye shamba jingine, watu wema. Huyo dada atakuonyesha."

"Ndiyo, tajiri."

Alifuta mikono kwenye suruali, akakusanya kofia yake na mfuko wa chakula uliokuwa mlangoni pa ghala. Alifika mbele ya mumewe na kusimama umbali wa heshima.

"Msimu ujao, tajiri, utaniita tena?"

"Nitakuita."

"Jina langu Kui-mei. Usimwite mwingine."

"Sitamwita mwingine," alisema Mzee Fan.

Aliinama, akapanda gari. Hsiang-yun alimfunga mkanda, na gari likateremka kwenye njia ya mipopoo. Nilikuwa bado nimemshika mzee kwa mkono. Alikuwa mwepesi. Mlio wa gari ulipopotea upande wa barabara kubwa, akaniuliza, kwa sauti yake ya kawaida, kama sasa kuna mtu atakayeyamwagilia yale marando. Nikamwambia hayahitaji, mvua ya juzi inatosha.